Silabi Moja

Miaka arobaini nimekula kwa maneno ya watu.
Nimefasiri riwaya kumi na moja kutoka Kijerumani,
nimehukumu washairi wengi kuliko walevi
waliopita mbele ya hakimu yeyote wa Moshi,
na sasa mtoto wa jicho amenifunga macho yote mawili.
Ndeshi, mjukuu wangu, ndiye anayenisomea
tahakiki zangu za zamani, zikusanywe ziwe kitabu.
Hukaa barazani hapa Rau, akasoma
kama anayepukuchua mahindi.
Napenda kusikia nilivyokuwa mkali.
Hapa nacheka. Pale namwambia, weka nukta.

Jumanne akafika kwenye gazeti la mwaka themanini na moja,
nilipokuwa nimerudi juzi tu kutoka Leipzig na koti la sufu,
nikaletewa diwani nyembamba, jalada la kijani,
ya Aminieli Ndosi, wa Uru.
"Mshairi huyu ana vina, hana masikio," niliandika.
Nikatoa mfano, ubeti wa saba:

*Kwa mbuni wake baba, nikapata na viatu.*

"Hesabuni. Kipande cha kwanza kina saba.
Silabi moja imeruka, ingawa ndege mwenyewe haruki.
Na ni baba gani wa Uru afugaye mbuni?"
Chumba cha walimu kilicheka wiki nzima.

Ndeshi hakucheka.
Aliurudia mstari, akaitenga *m* peke yake,
akaitulia, ndipo akasema *buni*.
"Babu, si ndege. Ni mti. Mbuni, mibuni."

Kwa. M. Bu. Ni.
Vidole vyangu vikahesabu gizani.
Nane.

Nami ni mtoto wa kahawa.
Ada yangu, sanduku langu la bati,
hata nauli ya kunifikisha kwa wenye theluji,
vyote viliwahi kukauka juani
juu ya kichanja nyuma ya jiko la mama.

Mjerumani akikosa huomba avuliwe hatia,
kama koti mlangoni.
Kiswahili huomba radhi, yaani uridhike tena.
Nimeyafasiri yote mawili, mara nyingi,
kwa midomo ya wengine.
Nyumbani hatuanzi na neno, tunaanza na jani.
Unakata isale kwenye mpaka wa kihamba,
unalipeleka mwenyewe,
na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa.

Tulipanda Uru, Ndeshi kanishika kiwiko kwenye utelezi.
Njiani akanisimulia aliyoyasikia sokoni:
kwamba yule mzee alikuwa karani wa mizani
kwenye chama cha ushirika, miaka ishirini na sita,
na hakuna mkulima aliyepunjwa hata gramu.

Karani wa mizani.
Nilisimama nikapumua, nikasingizia mlima.

Alilipokea isale. Alilinusa, nilisikia.
Nikaanza hotuba, akanikata.
"Usijipe cheo, Profesa. Sikuacha kwa ajili yako.
Niliacha kwa ajili ya watoto watano na bei ya kahawa."
Kisha, baada ya kimya cha mtu anayefunga mdomo wa gunia:
"Ila gazeti ninalo."

Nikamwomba anipeleke nikauguse ule mbuni.

"Tuliung'oa. Siku hizi ni parachichi."
Akaniwekea moja kiganjani,
bichi, zito kama jiwe la kupimia.
"Haya. Hesabu hili."

Nikahesabu polepole, mbele ya mjukuu wangu,
pa, ra, chi, chi,
na jibu sikulitamka
mpaka yeye alipolitamka.