Miezi Mitatu na Siku Kumi na Moja

Pasipoti yako, Hripsime, nimeifungua tena.
Ukurasa wa picha: umenuna kama mtu anayedaiwa kodi.
Tarehe ya mwisho iko mbali, miaka minne mbele. Safi.
Yangu haijafa. Imebakiza
miezi mitatu na siku kumi na moja,
na binti wa ofisi ya tiketi, yule mwenye kucha za zambarau,
alisema wenye ndege wanataka sita.
Alisema kwa upole. Alikisukuma kijitabu changu
juu ya kioo, kama anayerudisha chenji.

Sisi tunaopima unga kwa jicho,
kuni kwa jicho, theluji kwa goti langu bovu,
hatukuwahi kuusoma ukurasa ule.

Basi nenda. Nvard anajifungua, na mtoto hangoji muhuri.
Mimi nitakagua. Ndiyo kazi iliyobaki.

Jina kwanza. Kwenye tiketi waliandika Ripsime;
H ilidondoka njiani kama kifungo cha koti.
Nilirudi kwa kucha za zambarau, nikapanga foleni saa mbili,
nikainunua upya. Herufi moja, dramu elfu nane.
Sijawahi kulipa bei ile kwa kitu ambacho hata hakitamkwi vizuri.

Dawa zako za presha ziache ndani ya boksi zake.
Usizimwage kwenye kopo la kahawa kama ulivyozoea:
afisa hakujui, ataona vidonge vyeupe tu.
Barua ya Daktari Varsenik iko juu. Mwandiko haусomeki,
lakini sahihi yake inatisha, na hiyo inatosha.

Nakala za pasipoti ni tatu. Moja begini,
moja ndani ya sidiria, benki yako ya tangu ujana,
moja ninayo mimi.
Benki yenyewe nimeipigia simu, nikawaambia
kadi ikitumika Montevideo si mwizi, ni mke wangu.

Anwani ya Nvard nimeiandika kwa herufi zao, kwenye kadi ngumu.
Simu huzimika. Karatasi haizimiki.

Umekunja magauni ya mikono mifupi kwa sababu ni Julai.
Hripsime, kule Julai ni baridi.
Ulinicheka. Ukampigia Nvard.
Kisha ukalitoa koti la sufu kabatini, kimya kimya,
bila kunitazama.

Bima nimeisoma hadi maandishi ya chini, madogo kama chawa.
Inalipia mfupa uliovunjika, begi lililopotea,
ndege iliyochelewa zaidi ya saa sita.
Haisemi lolote juu ya mzee wa miaka sitini na tisa
aliyeachiwa jiko.

Na zile kokwa tatu za aprikoti ulizofunga kwenye leso,
eti Nvard azipande uani kwake, nimezitoa.
Mbegu, udongo, nyama ya kukausha: forodha haina masihara.
Uliniona nikizitoa. Hukusema neno.
Uliosha vikombe viwili vilivyokwisha kuoshwa.

*

Saa tisa za usiku gari la Mkrtich lilitutoa Gyumri.
Ulishika mkoba kwa mikono miwili njia nzima.
Mizani ya uwanjani ikasema kilo ishirini na mbili na nusu,
nami nikajiona fundi.
Ulipita mlango ambao mimi sina karatasi ya kuupita.
Hukugeuka, kwa sababu nilikuambia usisimame,
nyuma yako kuna watu.

Nimerudi jua likiwa juu.
Mezani, kando ya chumvi: adapta.
Ile niliyoizungukia mji mzima,
niliyoiweka mahali pa wazi ili isisahaulike.
Iko juu ya pasipoti yangu. Wamekaa pale wawili.

Soketi za kule zikikukataa, azima kwa Nvard.
Kisha nipigie, hata ukiwa na asilimia mbili.
Nimejaribu kuwasha jiko, limewaka mara ya nne.
Kesho saa tatu ofisi ya pasipoti inafunguliwa.
Nitakuwa pale tangu saa moja.