Aliyelala Hapa

Swali la kwanza ni moja, nchi nzima:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Mpaka ni saa sita kamili.
Aliyekata roho saa saba, mwandike: alikuwapo.
Aliyezaliwa saa nane, mwache: hakuwapo.
Tulifundishwa hivyo siku tano, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao, nami nikacheka.
Nikadhani ni mfano tu wa mwalimu.

Majengo. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati,
nambari ya chaki juu ya fremu ya mlango.
Chumba cha mbele, kilio. Cha nyuma, kichanga.
Nami na kishikwambi changu chenye chaji nusu,
sijui nianze kupiga hodi wapi.

Bi Hidaya akanivuta mkono:
"Ndoo, mwanangu, keti kitako.
Mwandike Famau. Saa sita alikuwa akinidai maji."
Umri?
"Alizaliwa mwaka wa mgomo wa bandarini,
au wa pili yake. Mamake alikuwa akibadilisha,
kwa kumtazama anayemuuliza."
Nikaandika sabini na mbili. Mashine haipendi "au".

Watoto?
"Wanane. Mamangu alizaa kumi na mmoja, akazika sita;
surua ikipita hapa kama mdai wa kodi,
kila mwezi, na hodi ile ile.
Kwa hivyo sisi nasi tulizaa na akiba.
Kisha ikaja chanjo, ikaja maji ya mfereji.
Nilizika mmoja. Waliobaki wakaishi, mwanangu,
wote saba! Hatukuwa na vitanda."
Akacheka, akakumbuka yuko edani, akanyamaza.

Saba hao wakasoma, wakapanda ndege.
Doha wawili. Maskati. Wengine siwezi kuwaandika,
hawakulala hapa.
Wa Toronto ana mtoto mmoja, basi;
alimpigia simu akamwambia: mama, huku
mtoto ni ghali kuliko nyumba.
Vyumba vikabaki na harufu ya madaftari.
Ndipo akapangisha.

Andika: Mutinda wa Kitui, mlinzi wa godauni,
ambaye kwa kanuni amelala hapa
ijapokuwa hakufumba jicho.
Andika ndugu wawili wa Hola,
mto uliowafukuza mara mbili,
kwanza kwa kufurika, kisha kwa kukauka.
Andika wale watatu wa chumba cha jiko,
wanaolipa kwa siku na kuhesabu kwa siku.
Andika Mbeyu wa Ganze, ambako mvua
ilisusa misimu mitatu, na mumewe naye akasusa.

Mbeyu amelala ubavu, mtoto yumo lesoni,
kitovu kimefungwa uzi wa cherehani.
Saa ngapi?
"Saa nane kasorobo," akajibu jirani aliyemzalisha.
"Tuktuk haikupatikana. Na sufuria kubwa ni moja nyumba nzima;
tulichemshia huyu, tukaikosha,
tukaiteleka tena kwa ajili ya mzee."

Nikabonyeza.
Famau: mwanamume, mkuu wa kaya, yupo.
Mtoto: hapana pa kumtia.
Tisa usiku, tisa asubuhi. Jumla haikutikisika;
mashine ikanipa alama ya kijani, ikanishukuru.

"Na huyu?" akauliza Mbeyu.
Sensa ijayo, nikamwambia.
Akahesabu kwa vidole.
"Atakuwa darasa la nne," akasema, bila hasira,
kama mtu aliyeambiwa kivuko kimechelewa.

Niliporudi Mishomoroni miguu ilikuwa imevimba.
Mkobani nina kadi ya kliniki:
sindano ya miezi mitatu, tarehe yake kesho.
Karani mwenzangu alikuwa amekwisha pita kwetu
na mama amekwisha nijibia:
binti, miaka thelathini na miwili, kazi ya kibarua,
watoto, sifuri.
Kisha, hakuna aliyemuuliza,
akaongeza: bado.