Kalamu ya Risasi

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia, inakaa kama mkwe aliyekuja na mizigo,
nasi vitabu tunavipandisha darini, juu ya jiko la kuni,
pale pa mahindi ya mbegu.
Ndiyo maana hadithi zote za nyumba yetu zinanuka moshi,
hata zile za baharini.

Mama ana daftari, kaunta buku la mgongo mwekundu.
Safu ya kwanza jina, ya pili kitabu, ya tatu tarehe,
ya nne ameandika: "Kimerudi na nini."
Tusekile: parachichi sita.
Mwalimu Asangalwisye: doa la chai, ameomba radhi.
Bibi Nsubisi: bado. Bado. Bado.
Kimeletwa na mjukuu baada ya arobaini,
kimefungwa kwenye kitenge chake. Ndaga fijo, bibi.

Kwetu huazimi kitabu ukaondoka.
Utaketi, utasimuliwa nusu,
Mama atakatiza pale panapouma, atakifunga:
"Haya, kamalizie kwako."
Shangazi Sekela huanzia mwisho.
Anasema amezika wanne, hataki tena kushtukizwa.

Kimoja tu hakikuwamo daftarini.
Kile cha Baba, jalada la kijani, kimeshonwa kwa uzi wa gunia:
mpima ardhi ametumwa kazi ya siku tatu
akakaa ng'ambo ya mto miaka kumi na tisa.
Baba alikisoma kila mwaka kahawa ikishaanikwa,
akibishana nacho pembeni kwa kalamu ya risasi:
"Uongo."
"Hapa umesema, bwana."
"Mto gani huu usio na kivuko?"
Na ukurasa wa tisini na moja, mkono umeshaanza kutetemeka:
"Hata barua moja?"

Nilikificha mimi. Miaka minne chini ya godoro.
Karatasi imechoka, niliwaambia, si uchoyo.
Ulikuwa uchoyo.
Risasi haina mizizi; jasho la kidole tu
lingeweza kumfuta Baba.

Akaja Gwantwa, binti wa fundi baiskeli wa Ushirika.
Amevimaliza vyote, hadi kile cha ufugaji wa nyuki.
Amesimama mlangoni, mwavuli unamwaga maji sakafuni:
"Hamna kingine?"
Mama hakumjibu. Alinitazama mimi
kama atazamavyo chungu anachojua kina kitu.

Nikakitoa. Nikaandika kwa mkono wangu:
Gwantwa, kile cha kijani, tarehe saba.

Mara mbili nilipita kwao nikisingizia pancha.
Siku ya ishirini na mbili kikarudi na maziwa ya mgando,
nikakipekua kama mtu anayehesabu fedha alizokopesha.
"Uongo" lipo. "Bwana" yupo.
Tisini na moja, swali lipo,
na chini yake, wino wa buluu, herufi za daftari la shule:
"Labda alianza nyingi. Zote zilikwama kwenye nisameheni."

Nilikasirika. Kuandika juu ya maiti ya mtu!
Nilikasirika mpaka ugali ukapoa.
Mama akasogeza taa, akasoma, akasoma tena,
ndizi zikaungulia jikoni na hakuna aliyenyanyuka.

Kaka Ambakisye alivuka Tunduma kwenda Kitwe
kutafuta mtaji wa miezi sita.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Jina lake halitajwi mezani; sahani yake hutumika kufunikia maziwa.

Kesho yake Mama akasimamisha lori la ndizi,
akamkabidhi dereva bahasha ya kaki na anwani ya zamani.
Barua hakutia. "Baba yake kashaandika," alisema.

Daftarini: Ambakisye, kile cha kijani, tarehe mosi.
Safu ya nne ni tupu.
Shangazi Sekela amekuja mara tatu kuichungulia,
yeye asiyeweza kungoja mwisho,
na kila mara anaondoka na kitabu kingine kwapani,
akilalamika kuwa kinanuka moshi.