Nyuma ya Wimbo

Miaka thelathini na minne nimeivuta na kuisukuma
kodiani hii nyekundu. Kifungo kimoja kiling'oka;
Eino akakata kingine kwenye koti lake, akakigundisha.
Hakikulingana na wenzake. Kililia vizuri.

Kumbi za mbao kando ya maziwa, kiangazi kisichojua giza,
wanaume wasio na neno mpaka tango lianze,
hapo sasa wanasema kwa mabega.
Nami jukwaani, natabasamu kwa mkataba.
Kila wimbo ulimhusu mtu aliyekwenda zake.
Nililipwa kwa huzuni za watu,
nikazinywa zote kabla gari halijafika Iisalmi.

Raili alipiga simu hotelini mara tatu
usiku aliozaliwa Sampo.
Nilikuwa narudishwa jukwaani. Walishangilia mno.
Sina la kuongeza hapo.

Februari Eino akafa. Mjane wake akaniambia:
Utapiga wewe kanisani, kinanda chao kimekufa kwa baridi.
Nikasema, tenzi sizijui.
Akasema, kupumua unajua?

Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Watu kumi na mmoja,
wengi wao bibi wenye kofia za sufu.
Nikaanza kwa mwendo wangu, wao wakabaki nyuma,
kama watu wanaovuka barafu wakiijaribu kwa fimbo.
Nikapunguza. Wakapunguza zaidi.
Nilikereka, nakiri. Maisha yangu yote
ni mimi niliyefuatwa.

Ubeti wa tatu vidole vikagoma.
Nikaifungua kodiani bila kubonyeza kitu,
ikavuta hewa tupu, ule mlio wa kifua cha mgonjwa,
nao wale bibi wakaendelea
bila kunitazama, bila kunihitaji,
wakiimba juu ya pumzi yangu
kana kwamba ndiyo sauti waliyokuwa wakiingoja.

Ndipo nikatambua aliyechelewa ni nani.

Sikuona nuru. Bomba la joto lilikuwa likigongagonga ukutani,
mchungaji ana mafua, jeneza la Eino fupi kuliko nilivyomkumbuka.
Lakini kuna Mtu aliyepunguza mwendo kwa ajili yangu
tangu Kuopio, tangu lile jukwaa la kwanza,
akirudia ubeti uleule, ubeti uleule,
hadi mlevi huyu apate pa kuingilia.
Nikasema ndani kwa ndani, kama mpigaji aliyekosa zamu:
Bwana, nipo. Tulikuwa wapi?

Bado napiga tango Jumamosi, tumbo halina dini.
Jumapili nawafuata wale bibi,
na nimeanza kupenda kuwa nyuma.
Kifungo cha Eino hunata siku za unyevu.
Sikitengenezi.

Jana nilimpigia Raili.
Simu ikaita mara moja, mara mbili,
mara tatu.
Sikukata.