Karatasi ya 318

Chumba hiki kina baridi kuliko Maskati yote.
Nje, lami ya Al Khuwair inalainika;
humu, kiyoyozi kinalinda maiti za majani
zisiliwe na wadudu.

Kazi yangu kunakili: lebo hadi kompyuta.
*Haima. Tambarare ya changarawe. Machi, sabini na sita.
Mvua ilinyesha wiki mbili nyuma.
Maua: manjano.*
Nikalitazama ua. Lina rangi ya chai ya jana.
Umanjano wote umehamia kwenye neno,
na neno lenyewe limeanza kupauka.

Karatasi ya 319, pahala pale pale, miaka minane baadaye:
*Hakuna mvua. Tumetafuta. Haukuonekana.*
Karatasi tupu, imegongwa muhuri, imehifadhiwa.

Narudi 318. Mkusanyaji: daktari, jina refu, herufi kubwa.
Msaidizi: dereva.
Basi. Dereva.

Nikaigeuza. Thuweiba hataki tuzigeuze,
lakini Thuweiba alikuwa akiswali adhuhuri,
na kwenye kona, kwa penseli,
mwandiko wa mtu anayeandikia juu ya goti:
*Hii kwetu mbigiri. Imenitoboa ndara. Suwedi.*

Nilicheka peke yangu kati ya makabati.
Kwetu wapi, Suwedi? Makunduchi? Wete? Ujiji?
Ulifika lini nchi ya babu zako
ukaambiwa Kiarabu chako kina makengeza,
ukapewa usukani na njia ambayo haipo,
na kitu cha kwanza kukutambua huku
kikawa mwiba?

(Mama yangu, jikoni kwake Seeb,
husema Kiarabu kutwa nzima
mpaka aungue na sufuria.)

Fomu ina kisanduku: *Jina la kienyeji.*
Lugha za kuchagua: Kiarabu, Kiharasi, Kimehri, Kijibbali.
Mwisho kabisa: *Nyingineyo.*
Nikabofya Nyingineyo.
Nikaandika *mbigiri*, herufi moja moja,
na pale kwa mkusanyaji nikaongeza:
*pamoja na Suwedi, mwenye ndara.*

Kompyuta ikauliza kama nina hakika.

Bahasha ya mbegu ilikuwa imeachia gundi.
Nilipoikunja upya, kitu kikanidunga kidole,
kikavu, chepesi, karibu miaka hamsini kabatini
na hakijasahau kazi yake.

Ndiyo, nikabofya.

Thuweiba aliporudi aliuliza
nani kachafua kipanya.