Ukipanua Mlango

Lugano alikuja Keko amepakata spika,
inchi kumi na mbili, bado ina nailoni,
akanifungulia buti la IST yake
kama dalali anayemwonyesha mpangaji chumba.
"Boksi liwe kubwa, litingishe.
Ila tairi la akiba nilifikie,
na mama akija toka Tukuyu, ndizi zake zipate pa kukaa."

Mimi ni fundi vitanda.
Najua sita kwa sita, najua kabati la milango mitatu,
najua mteja anayetanguliza nusu kisha anahamia Mbagala.
Hewa sikuwahi kuipima.

Boksi la kwanza nililifunga kwa haraka.
Tundu lake kipande cha bomba la maji, inchi tatu,
urefu sentimita kumi na saba,
nimelipachika kando ya spika kama pua.
Likaunguruma vizuri. Lugano akaongeza sauti,
bomba likaanza mluzi:
fyuu, fyuu, nyuma ya kila besi.
Yeye akacheka.
Mimi mluzi ule naujua.
Ni kifua cha baba saa nane za usiku,
banda hili hili, miaka thelathini na mmoja ya vumbi la mninga,
hewa nyingi ikigombea njia nyembamba.

Nikalivunja.

Mwanahawa, kidato cha pili, akanikopesha daftari.
Spika inataka lita hamsini tupu. Tupu, baba.
Sumaku inakaa mahali, itoe.
Mbao za kukazia kuta, zitoe.
Na tundu lenyewe, japo ni tundu, linakaa mahali.
Hapo nikaweka penseli chini.
Mwaka wa ishirini na tatu nakata mbao,
sijawahi kuambiwa uwazi nao una ujazo.

Nikataka mdomo mpana: tano kwa thelathini.
Hesabu ikagoma.
Ukipanua mlango, refusha ukumbi,
la sivyo mngurumo unapanda juu, unakuwa kelele ya debe.
Kumi na saba ikawa sitini na nane,
ukumbi ukapita kina cha nyumba,
ikabidi niukunje kwenye kona ya nyuma
na nyumba nayo niiongeze, kwa sababu ukumbi umeila.
Lita sitini na saba.
Tukahakiki kwa pumba za randa kabla ya kuigawa ndani:
ndoo tatu kubwa, na lita saba juu,
Mwanahawa anakung'uta, anapiga chafya, anahesabu upya.

MDF ya milimita kumi na nane, upande wa spika mbili kwa pamoja.
Kingo za mdomo nikazipiga msasa hadi zikawa duara,
hewa isikwaruzike ikitoka.
Silikoni kila kiungo. Kisha nikawasha dawa ya mbu,
nikazungusha moshi wake kona kwa kona huku spika ikipiga:
pale uliposhtuka, nikaziba tena.

Jumatano jioni, Luku imebaki uniti nne,
tukalilaza boksi chali, Mwanahawa akanyunyiza chumvi juu ya spika,
Lugano akashusha sauti kutoka kwenye simu, taratibu:
sitini, chumvi inaruka;
hamsini, inaruka kama mvua ya mawe;
arobaini, imechoka kidogo;
thelathini na nne,
ikatulia.
Ngozi ya spika kama imelala.
Lugano akasema, "Fundi, umeiua."

Nikapeleka risiti ya Luku kwenye mdomo wa tundu,
ikanyakuliwa mkononi.
Nikaweka kiganja.
Ilikuwa inatoka na kuingia, nzito, pana,
mara thelathini na nne kwa sekunde,
bila mluzi wowote,
na uani vitasa vya makabati yasiyouzika
vikaanza kulia kimoja baada ya kingine,
hadi lile la mwisho, la mninga,
alilolianza baba.

Lugano aliuliza bei mara mbili.
Kiganja sikukiondoa.