Kiwambo

Miaka sita nimeitwa mwenye pumu.
Nimevuta dawa ya kopo, nimekunywa tangawizi.
Mama Siwatu, jirani yangu Buguruni,
akasema ni vumbi la mashine.
Nikafunga kitambaa puani. Nikaendelea kusaga.
Ngazi nne tu, nashika ukuta;
nikishiba ugali, pumzi inanikimbia.

Muhimbili, Daktari Mlawa, kijana bado,
akaniweka sikio la mpira kifuani,
akatulia, akacheka kidogo, akaomba radhi:
"Nasikia tumbo linanguruma. Huku juu."

Picha ikawekwa kwenye taa.
Kiwambo, kama cha ngoma, akanieleza,
changu kina tundu la kuzaliwa nalo,
tundu la umri wangu, arobaini na tatu,
na utumbo umepenya, umehamia
chumba cha kushoto,
mpangaji asiyelipa hata kodi ya mwezi.
Pafu, mwenye nyumba, limebanwa konani.

Ngiri, akasema.
Mimi ngiri niliijua ya chini,
ya wazee, ya kuficha.
Yangu imepanda ghorofa.

Alhamisi wataishusha.
Usiku huu nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
nasikiliza kifuani kwangu
nani anapumua, nani ana njaa.